Nani Alikuwa Ananyonya Betri ya Baba

Baba,

Gari imewaka. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama tumekula. Imewaka leo asubuhi nilipogeuza ufunguo, mara moja tu, bila kusukumwa na bila kuombewa, na taa zake zikapiga ukuta wa Mama Wanjiru mpaka jogoo wake akawika tena, akidhani amechelewa kazi. Nakuandikia nikiwa ndani yake, hapa kwa geti ya plot, karatasi iko juu ya goti. Omondi amelala kwa kiti chako.

Omondi ni mjukuu wako. Ulituacha nikiwa na mimba yake, na alipozaliwa shangazi alisema kutoka nyumbani kwamba jina halina mjadala, ni lako. Kwa hivyo siku hizi nikisema, "Omondi, wacha kuniuma," naangalia kando kidogo kama mtu aliyemkosea mzee heshima. Ana meno mawili. Ananyonya kama mtu anayelipwa.

Wacha nikueleze pole pole.

Baada ya mazishi tulirudisha nyumba yako ya Kibera kwa mwenyewe, na vitu tukagawana mtoto alipozaliwa. Ndugu yangu Ochi alichukua kitanda na spana kubwa. Mimi nikachukua Mwalimu. Watu walicheka. Mwanamke ananyonyesha, bwana yuko kwa mjengo Naivasha, pick-up kuukuu ya nini? Hata wewe uliipa jina la Mwalimu kwa sababu kila wiki ilikuwa inakuletea mtihani mpya. Lakini nilikuwa nimeshafikiria. Nitoke alfajiri niende soko, nijaze sukuma na viazi, nirudi niuzie akina mama mboga wa huku Kawangware wasioweza kufika huko, na mtoto niwe naye hapa kando yangu.

Kama si hivyo, kulikuwa na kazi ya nyumba Lavington, kwa mama mmoja anayetaka mtu wa kulala huko huko, asiye na mtoto mkononi. Unajua maana yake. Omondi angeachishwa ziwa kabla ya wakati, apelekwe kwa nyanya yake wa upande wa baba, halafu mimi niende nikashike chupa ya mtoto wa wenyewe. Yule mama alikuwa anangoja jibu.

Na Mwalimu ikakataa.

Jioni naizima ikiwa nzima. Asubuhi nikigeuza ufunguo inasema tik. Tik tu. Vijana wa boda wakinisukuma inawaka, lakini hizo taa, Baba! Njano kama chai ya jana. Nikikanyaga moto zinaongeza kidogo, nikisimama zinafifia, mpaka siku moja pale Riruta jamaa wa mkokoteni akaniinamia kwa dirisha: "Madam, hizo ni taa ama umewasha mshumaa?"

Fundi wa kwanza hakufungua hata bonet. Alisema ni betri. Nikanunua betri, na ile mpya nayo ikaanguka vile vile. Wa pili akasema ni altaneta, ile ya kuchaji betri. Akaitoa, akaenda nayo mahali, akairudisha, na asubuhi: tik. Wa tatu alizunguka gari, akaniuliza ni ya nani. Nikasema ni ya baba yangu, alitutoka. Akapangusa mikono na kitambaa. "Basi hiyo si mambo ya waya," akasema, na akashika njia.

Hapo maneno yakaanza. Shangazi akapiga simu kusema gari inalilia mwenyewe. Ochi naye, unamjua, kitu chochote asichokielewa anakipa jina la mtu, akasema, "Sista, mzee anaita gari yake. Tuiuze scrap, impate huko." Alikuwa ameshapata mtu wa kuja kuikata vipande Jumatatu. Mama Wanjiru, mwenye plot yetu, hana mambo ya mizimu. Yeye alisema gari isiyotembea ni takataka na kwake si jaa la Dandora. Mbele ya wapangaji wote, nikiwa na ndoo mkononi, aliniambia, "Hii gari yako ni kama bwana mlevi. Jioni inarudi ikijigamba, asubuhi lazima iamshwe na majirani." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikaingia ndani nikalia, kwa sababu nilikuwa nimechoka na pia kwa sababu ilikuwa kweli.

Kuna asubuhi niliamini maneno ya Ochi. Niliweka mkono kwa usukani, pale ulipopakwaruza na pete yako, nikasema, "Baba, unataka nini?" Ikasema tik.

Sasa sikia. Jumamosi nilikuwa nimekaa mlangoni namnyonyesha mtoto, Mama Wanjiru akapita, akaniangalia juu mpaka chini. "Umebaki mifupa," akasema. "Hayo maziwa yako haina nguvu. Mpe uji mtoto wa watu." Nikakasirika. Nikamwambia maziwa yangu iko sawa kabisa. Nikamwambia shida ni vile huyu haachi. Usiku wote ziwa liko mdomoni. Anavuta kidogo, analala, anavuta kidogo tena. Akishiba mara moja na kuachilia, ningeamka na nguvu zangu. "Ni hako kakidogo ka usiku kucha ndiko kananimaliza," nikasema.

Halafu nikajisikia, na ilikuwa ni sauti yako.

Nilikuona pale steji ya 46, kwa kibanda chako cha ufundi wa waya za gari, mimi na yunifomu ya shule nimeshika tesita, ile balbu ndogo uliyoiunga waya mbili. Ndiyo maana uliniita Tesita mpaka nikaolewa. Mwenye gari amesimama analia kwamba betri zote za Nairobi ni bandia. Na wewe, bila haraka: "Betri ni mama anayenyonyesha, mzee. Ikikauka usikimbilie kumtukana mama. Uliza kwanza, nani ananyonya?" Yule mtu akiondoka kutafuta chai, unanigeukia. "Tesita, mwizi mkubwa anajulikana, atachoma waya, atatoa moshi. Wewe nitafutie yule wa kidogo kidogo."

Mambo haya nilikuwa nimeyabeba miaka yote, Baba, na nimezunguka na mafundi watatu.

Jumapili tulipotoka kanisa nilifunga leso juu ya nguo nzuri, nikamweka Omondi ndani ya karai kwa kivuli na kijiko cha kuchezea, nikatoa ule mkebe wa maziwa wa kutoka kwa kibanda chako. Tesita ilikuwa chini kabisa, chini ya misumari. Bado ina ile klipu uliyoifunga na uzi mwekundu.

Nilizima kila kitu. Nikafunga milango, maana taa ya mlango ingenidanganya. Nikafungua waya nyeusi ya betri, nikaweka tesita katikati, mguu mmoja kwa betri, mguu mwingine kwa ile waya. Ulisema gari ikiwa imelala kweli, balbu inabaki giza. Ikiwaka, ndani kuna mtu yuko macho.

Iliwaka. Si sana, wekundu tu, kama kaa lililosahauliwa jikoni. Lakini iliwaka, gari imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwangu. Mama Wanjiru alikuwa amesimama nyuma yangu kitambo, na kiburi chake chote.

"Ni nini hiyo?"

"Kuna mtu ananyonya."

"Nani?"

"Ndiye namtafuta."

Akaenda akaleta stuli, akakaa.

Nikaanza kutoa fyuzi, moja moja, vile ulinifundisha. Unatoa, unaangalia balbu. Ikizimika, umemshika. Ya honi, bado inawaka. Ya waipa, bado. Za taa, bado. Nikazitoa zote zikalala kwa leso kama mbegu za boga, Omondi akaiba moja nikamnyang'anya, na ile balbu bado inaniangalia na jicho lake jekundu. Hakuna fyuzi hata moja ndani ya gari, na mtu bado ananyonya. Hapo, Baba, nilitaka kumpigia Ochi nimwambie alete mtu wake hata leo.

Lakini mtoto alianza kulia, nikamchukua, nikampa ziwa nikiwa nimeegemea mlango. Na wakati ananyonya nikafikiria. Kama nyumba zote zimefungwa na maziwa bado yanaisha, basi huyu hanyonyei nyumbani. Amejishika kwa mama moja kwa moja, kabla hata ya fyuzi.

Nikamrudisha kwa karai. Nikaanza kwa betri yenyewe, nikafuata waya na vidole. Kuna ile nene ya stata. Kuna ile ya kwenda kwa fyuzi. Na chini yake, imejificha, kuna nyembamba ya tatu. Ilikuwa imefungwa na vipande vya tyubu ya baiskeli.

Nani mwingine Nairobi hii anafunga waya na tyubu ya baiskeli? "Tepu inalia jua likiwaka," ulikuwa unasema, "tyubu haijui kulia." Nilikijua kile kifundo vile watu wengine wanajua mwandiko wa baba yao. Nikaifuata ile waya, ikapita kwa tundu, ikaingia chini ya dashibodi, ikapanda. Ilikuwa inaenda kwa redio.

Redio yako. Uliiunga moja kwa moja kwa betri kwa sababu hukutaka habari ya ufunguo. Jioni ukifunga kibanda unakaa ndani ya Mwalimu, mlango wazi, mguu nje, unasikiliza matangazo ya vifo kwa lugha ya nyumbani. Ninakuuliza kwa nini unapenda mambo ya huzuni. "Nasikiza kama nimetajwa," unasema. Na yakiisha unageuza kile kitufe, tok, unaamka: "Leo pia sijatajwa. Kesho kuna kazi."

Sisi wote tulijua hiyo redio ilikufa. Taa yake iliungua zamani, na tangu matanga haikutoa sauti. Nikashika kitufe. Kilikuwa kimegeuzwa mpaka mwisho, upande wa kuwaka. Nikamwambia Mama Wanjiru aangalie ile balbu asipepese macho. Nikakigeuza.

Tok.

"Imelala!" akapiga kelele, hata stuli ikaanguka. "Mama Omondi, imelala! Imelala!" Utafikiri ni mtoto wake amepata usingizi. Nikatoka nikaona mwenyewe. Giza. Nikakaa chini kwa vumbi na nguo ya kanisa, nikacheka mpaka Omondi naye akacheka bila kujua ni nini.

Nilimpigia Ochi. Sikumsalimia. Nikamuuliza, "Spika za gari ya Baba ziko wapi?"

"Spika gani?"

"Ochieng'."

Akaanza pole pole. Si unakumbuka, sista, gari haingeweza kuingia kwa kile kichochoro chetu. Si watu walitaka muziki wa matanga. Si tulitoa spika za milango tukaziunga kwa amplifaya ya jirani. Nikamuuliza, na redio mlizima? Akasema ilinyamaza yenyewe walipotoa spika. Halafu nikamsikia akielewa, huko kwa simu. Alisema tu, "Ai, mzee."

Kwa hivyo si wewe, Baba. Hukukataa kwenda, na hukuita gari. Sisi ndio tuliokutoa mdomo tukasahau kukuzima. Miezi hiyo yote redio yako ilikuwa inaongea ndani ya Mwalimu bila spika, usiku na mchana, na kila betri mpya niliyoweka iliianzisha tena. Jambo moja limenikaa kifuani. Siku walipotangaza mazishi yako, sisi tulisikilizia kwa simu ya jirani. Lakini na pale barabarani, ndani ya gari, redio yako mwenyewe ilikuwa imekutaja, na hakuna aliyesikia. Siku pekee uliyotajwa.

Nililia kidogo hapo. Hakikuwa kilio kibaya. Kilikuwa kama kile cha mtu aliyetua mtungi.

Taa zilikuwa na kesi yao. Nilirudisha fyuzi, vijana wakanisukuma, injini ikanguruma, na taa bado ni chai ya jana. Lakini sasa nilikuwa na wewe sikioni. Kukianza kuwa giza nilichukua waya nzito, nikagusa hasi ya betri na upande mmoja, na bodi ya gari na ule mwingine. Taa zikaruka! Nikitoa zinafifia, nikirudisha zinaruka. "Taa zikiamka, athi ndiyo imelala," ulikuwa unasema. Nikaipata hiyo athi, ile waya nyeusi inayorudisha moto kutoka kwa bodi, boliti yake iko chini ya betri, imeota unga wa kijani kama mkate wa wiki jana. Altaneta ilikuwa inasingiziwa bure. Nikazima, nikamwagia maji moto, nikasugua na msasa mpaka chuma ikacheka, nikafunga na nguvu zangu zote. Wakanisukuma mara ya mwisho. Kijana mmoja alisema akisukuma tena ataomba kuandikwa kazi.

Nikawasha taa, zikawa nyeupe. Mama Wanjiru alikuwa anatoka choo, akajifunika macho na kanga. "Wewe! Unataka kunichoma?" Lakini alikuwa anacheka. Baadaye alileta kikombe cha uji, akasema ni wangu, si wa mtoto.

Jana Jumatatu mtu wa scrap alikuja kweli. Nilimwashia gari akiwa bado yuko kwa geti, nikampigia honi. Akamwangalia Ochi. Ochi akaangalia viatu vyake. Alikuwa amebeba spika moja kwa mfuko wa nailoni; nyingine amesema haijulikani ilienda na nani. Tumeiunga kwa mlango wako.

Sasa nikuambie nilichofanya, na usinune. Nimekata waya yako. Nimeitoa kwa betri, nikaipitisha kwa ufunguo na fyuzi yake, kama waya ya mtu wa kawaida. Ufunguo ukitoka, redio inalala. Najua ulisema redio ya mzee hailali. Lakini mimi nina mtoto, Baba. Sina betri ya kulisha asiyelala. Kile kifundo cha tyubu sikukitupa. Nimekifunga tena na mkono wangu, pale pale, na nikikigusa siwezi kutofautisha chako na changu.

Na Omondi naye nimeanza kumfundisha. Akishashiba usiku namtoa, analia kidogo, namshika mgongo, analala. Tutafika.

Leo asubuhi ndiyo siku ya kwanza ya biashara. Tumeenda soko na kurudi, sukuma ikiwa imejaa nyuma, na akina mama mboga wamemaliza yote hata kabla sijapanga. Yule mama wa Lavington nimempigia. Nimemshukuru, nimemwambia sitakuja. Mama Wanjiru analalamika kwamba sasa gari yangu itamwamsha kila siku. Halafu ameniuliza kama kesho naweza kumbebea gunia la viazi.

Nimewasha redio hapa nikingoja mtoto aamke. Spika moja inakwaruza kama ulivyokuwa unakwaruza koo. Ni muziki tu saa hii. Jioni nitasikiza yale matangazo kwa niaba yako, nikisikia wale wengine wametajwa niwaombee, halafu nitasema kwa sauti, Omondi asikie, kwamba leo pia hatujatajwa, kesho kuna kazi.

Nakuahidi Mwalimu haitakatwa nikiwa na mikono. Nakuahidi huyu mtoto atashika tesita kabla hajashika simu. Na kila jioni, kabla sijashuka, nitapitisha mkono kila mahali kuhakikisha hakuna kitu tumeacha kikiwaka.

Kwa hivyo lala, Baba. Wale uliokuwa unaongea nao wamesikia. Kile kitufe nilikigeuza mimi mwenyewe, na mkono mwema.

Tesita wako